Kutoka ofisi tupu hadi chuo chenye watu: mwongozo kwa anayetazama maghorofa ya Posta

Tangu serikali ihamie Dodoma, katikati ya Dar es Salaam, eneo la Posta, pamebaki maghorofa yenye vioo safi, lifti zinazofanya kazi na mabango ya "ofisi inapangishwa". Tangazo la kuhama lilitolewa Julai 2016, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia mwaka huohuo, Rais Magufuli akafuata 2019. Baadhi ya wizara zilifika Dodoma hazina majengo, zikajihifadhi kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, barua za Wizara ya Elimu zikawa zinatoka "Chuo cha Biashara na Sheria, Jengo Na. 10". Ofisi ziliingia chuoni. Huku Dar tunaweza kufanya kinyume chake, na wala halitakuwa jambo geni. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Oktoba 1961 kwa kufundisha sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na hakikuhamia Mlimani hadi 1964.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayefikiria chuo cha kati au cha ufundi stadi ndani ya jengo la namna hiyo: halmashauri, taasisi ya dini, ushirika, mwekezaji. Nakusudia chuo cha watu wa mjini. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, karani anayetaka stashahada baada ya kazi, mama mwenye duka Kariakoo anayetaka kujua hesabu za kodi. Chuo kikuu kina mamlaka yake na masharti yake, nakiacha.

Jambo moja liongoze kila uamuzi. Ofisi hupokea watu kwa matone, chuo hupokea kwa mafuriko. Wafanyakazi 60 wa ghorofa moja huingia mmoja mmoja kuanzia saa 1:30 hadi saa 3 na hutoka vivyo hivyo. Wanafunzi 200 wa ghorofa hiyohiyo hutoka darasani saa 4:00 kamili, wote, na wengine 200 wamesimama mlangoni wakingoja kuingia. Miradi mingi ya aina hii inakwamia hapo, pesa zikiwa zimeshaishia kwenye vigae na mapokezi yenye herufi za dhahabu.

Hatua ya 1: Amua utafundisha nini kabla hujaangalia jengo lolote

Watu hupenda jengo kwanza, halafu wakatafuta kozi za kulijaza. Geuza mpangilio huo. Kuna kozi zinazokaa ghorofani bila shida: uhasibu, ukatibu mahsusi, kompyuta, usanifu wa picha na matangazo, utalii, lugha, ununuzi na ugavi, ushonaji wa mashine nyepesi, urembo na ususi, ufundi simu. Kuna nyingine zisipandishwe hata ghorofa ya kwanza: uchomeleaji, ufundi magari, useremala wa mashine kubwa, ufundi bomba. Kelele, moshi, mitungi ya gesi na uzito vitakugombanisha na wapangaji wenzako, na Zimamoto watakufungia.

Posta ina upendeleo wake. Bandari iko hatua chache, kwa hiyo uwakala wa forodha una walimu na mafunzo kwa vitendo mlangoni. Benki, mahoteli na ofisi za mawakili ziko mitaa miwili mitatu. Kariakoo iko jirani kwa yeyote anayejifunza ushonaji au ufundi simu, na wateja wa kufanyia mazoezi hawatafutwi. Kama kozi unazozifikiria hazihusiani na chochote kati ya hivyo, jiulize kwa nini usijenge Goba au Chanika ambako ardhi ni nafuu.

Ukishaamua, nenda NACTVET. Nenda kabla ya kusaini mkataba wa pango. Baraza hilo ndilo linalosajili vyuo vya ufundi na vya ufundi stadi, na wakaguzi wake huja kuangalia vyumba, vifaa, walimu na vyoo kwa kuzingatia kozi ulizoomba. Stashahada ya ngazi ya 6 haikaguliwi kama kozi fupi ya miezi mitatu. Chukua masharti ya kila kozi, yachapishe, uende nayo kwenye ukaguzi wa jengo.

Hatua ya 2: Kagua jengo ukiwa na kalamu, tochi na ndoo

Dalali atakuonyesha mapokezi, lifti na mandhari ya bahari. Mshukuru, kisha mwombe funguo za ngazi ya dharura.

Fungua mlango huo ghorofa baada ya ghorofa. Mara nyingi utakuta maboksi ya mafaili ya mwaka 2009, viti vilivyovunjika miguu, godoro la mlinzi, na huko chini kabisa mlango wa kutokea nje umefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake "yuko nao yule wa zamu". Kwenye jengo la ofisi lenye watu wachache kasoro hiyo imevumiliwa miaka. Kwenye chuo haivumiliki hata siku moja. Pima upana wa ngazi, hesabu ngazi zilizopo ni ngapi, na uone kama moja inaweza kutumika hata nyingine ikijaa moshi. Jengo refu lenye ngazi moja tu, aga uondoke. Hakuna punguzo la kodi litakalokuongezea ngazi.

Kisha panda hadi ghorofa ya juu kabisa unayoitaka, ufungue mabomba yote ya choo kwa pamoja, saa 6 mchana. Angalia presha. Jaza ndoo, uhesabu dakika. Vuta maji kwenye vyoo viwili kwa mpigo, usikilize tangi linachukua muda gani kujaa. Uliza matangi ya akiba yana lita ngapi na ni ya wapangaji wangapi. Kwa vyoo vya kuvuta maji, weka makadirio ya lita 15 kwa mwanafunzi kwa siku. Wanafunzi 500 ni lita 7,500, na siku ya mgao wa maji wa DAWASA utazihitaji zote kutoka kwenye simtanki zako.

Inua kigae kimoja cha dari. Utaona mambo ambayo hakuna aliyekusudia uyaone: nyaya zilizounganishwa kwa selotepu, bomba la kiyoyozi linalovuja, na ukuta wa jipsamu ulioishia kwenye dari badala ya kufika kwenye zege. Huo ukuta nitaurudia.

Ushauri wangu, na wapo watakaobisha: ukiwa na uchaguzi kati ya mnara mpya wa vioo na jengo la zamani la miaka ya 1950 au 1960 la ghorofa nne, chukua la zamani, mradi mhandisi amelipitisha. Majengo yale ya kuzunguka Samora yalichorwa kabla viyoyozi havijawa vya kawaida. Mengi yana vizuia jua vya zege juu ya madirisha, madirisha yanafunguka, na upana wake ni mdogo kiasi cha upepo kupenya kutoka upande hadi upande. Mnara wa vioo vilivyofungwa unakulazimisha kuwasha viyoyozi kuanzia saa 2 asubuhi hadi darasa la mwisho la usiku, na umeme ukikatika unakuwa tanuri.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya watu, ghorofa kwa ghorofa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Tuchukue ghorofa ya mita za mraba 600. Ofisi za kawaida hupangwa kwa wastani wa mita 10 kwa mtu, kwa hiyo jengo hilo lilitarajia watu kama 60 hapo. Darasa linahitaji mita 1.5 hadi 2 kwa mwanafunzi. Ukitoa ujia, vyoo, stoo na chumba cha walimu, zikabaki mita 400 za kufundishia, unaweka wanafunzi 200. Umezidisha watu zaidi ya mara tatu kwenye sakafu, ngazi, mabomba na lifti zilezile.

Anza na vyoo. Viwango vya shuleni kwetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Vitumie kama kipimo hata kama chuo chako si shule. Wanafunzi 200, nusu kwa nusu, wanahitaji matundu matano ya wasichana na manne ya wavulana. Ghorofa nyingi za ofisi zina mawili mawili. Kuongeza vyoo ni kazi ya bomba za maji taka, na bomba hizo hupita juu ya dari ya mpangaji wa chini yako. Kama ghorofa ya chini yako si yako, hilo ni suala la mkataba kabla halijawa suala la fundi. Na weka chumba chenye maji, ndoo yenye kifuniko na ndoano ya mkoba kwa ajili ya wasichana walio kwenye hedhi. Ni gharama ndogo sana.

Lifti nazo. Lifti ya watu wanane inayochukua dakika mbili kwenda na kurudi itahitaji safari 25 kuwapandisha wanafunzi 200. Hizo ni dakika 50 kwa kipindi cha saa moja. Kwa hiyo usihesabu lifti kabisa. Panga chuo kana kwamba haipo, na lifti iachiwe wenye ulemavu, wajawazito, wagonjwa na mizigo. Madarasa makubwa yakae chini hadi ghorofa ya pili au ya tatu, mahali mtu anapofika kwa miguu bila kutweta. Juu zaidi weka ofisi za walimu, vyumba vya ushauri, maabara ndogo, mikutano. Kama nafasi iliyo wazi iko ghorofa ya 14 tu, tafuta jengo jingine.

Mji huu una somo lake kuhusu kupanda ngazi. Machinga Complex pale Karume ilijengwa vizuri, lakini vizimba vya juu vilikaa vitupu kwa muda mrefu, kwa kuwa wamachinga walijua mteja hapandi kumfuata. Mwanafunzi atapanda kwa ajili ya somo. Hatapanda kwa ajili ya kantini, mapokezi, kulipa ada wala ubao wa matangazo, na ukiviweka juu utashangaa kimya chake.

Mwisho wa hesabu hii ni mlango. Chumba cha watu zaidi ya 50 kipewe milango miwili, iliyo mbalimbali, inayofunguka kwa nje. Ujia unaopitisha watu wa madarasa manne usipungue mita mbili na kidogo.

Hatua ya 4: Mhandisi kwanza, fundi wa jipsamu baadaye

Kwa viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wetu wengi wamevizoea, sakafu ya ofisi hupigiwa hesabu ya mzigo wa takriban kilo 250 kwa mita ya mraba. Darasa ni kama 300. Ukumbi ambao watu husimama kwa wingi ni 500, na rafu za vitabu zenye kimo cha mita mbili hukaribia hapohapo. Maana yake ni kwamba darasa la kawaida mara nyingi litapita, lakini maktaba na ukumbi vinaweza kukataliwa. Maktaba nzito ikae chini kabisa, au uache: Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu 1967, na kuingia makubaliano nayo ni nafuu kuliko kuimarisha nguzo.

Mhandisi awe amesajiliwa na bodi yake, msanifu na mkadiriaji majenzi vilevile, na mkandarasi awe na daraja linalotosha. Usikubali fundi atoboe sakafu au aondoe ukuta kwa kuambiwa "huu si wa kubeba". Mji huu umezika watu zaidi ya 30 kwa jengo lililoanguka Machi 2013, na zaidi ya 20 Kariakoo, Novemba 2024. Mchoro wa jengo ukikosekana, mhandisi apime chuma na zege kabla ya kuandika chochote.

Hatua ya 5: Karatasi na mkataba

Angalia hati ya kiwanja imeruhusu matumizi gani. Kama imeandikwa ofisi au biashara na elimu haimo, kuna maombi ya kubadilisha matumizi kupitia Halmashauri ya Jiji, na yana muda wake. Kibali cha ukarabati kinatoka hukohuko. Zimamoto na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) waalikwe wakati bado mnachora. Ushauri wao kwenye karatasi hugharimu kifutio, baada ya ujenzi hugharimu nyundo.

Kwenye pango, haya ndiyo yanayouma:

- VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Mpangaji wa kawaida mwenye usajili wa VAT huirudisha kwenye mauzo yake. Huduma ya elimu imesamehewa VAT, kwa hiyo huitozi kwenye ada na huna pa kuirudishia. Ihesabu kama sehemu ya kodi ya nyumba.
- Kodi ya zuio ya asilimia 10. Unaikata wewe kwenye pango na kuipeleka TRA. Ukimlipa mwenye nyumba zote, deni linabaki kwako.
- Bei kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kupanga bei na kulipia huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Andikeni shilingi, na muandike ongezeko la kila mwaka ni asilimia ngapi.
- Gharama za huduma: ulinzi, lifti, jenereta, usafi. Mara nyingi hutozwa kwa mita ya mraba na kupanda bila kelele. Omba hesabu za mwaka uliopita.

Omba miezi ya ukarabati bila kodi. Jengo lililokaa tupu miaka mitatu mwenyewe yuko tayari kuzungumza kuliko anavyojionyesha. Miaka ya mkataba isipungue ile itakayokutosha kuhitimisha wanafunzi wa awamu mbili za stashahada. Kuhamisha chuo katikati ya mafunzo ni kuomba usajili upya na kupoteza nusu ya wanafunzi. Andikeni pia nani anamiliki kuta, viyoyozi na vyoo ulivyoongeza siku ukiondoka. Na andikeni kwa maneno ya wazi kwamba jengo litakuwa na mamia ya vijana, hadi usiku, Jumamosi ikiwamo. Kama kuna wapangaji wengine, pata mlango wako na ngazi yako. Mawakili wa ghorofa ya tano watavumilia mengi, lakini hawatavumilia mteja wao kungoja lifti nyuma ya wanafunzi 40.

Hatua ya 6: Sauti, mwanga, joto, umeme

Turudi kwenye ule ukuta wa jipsamu. Ofisi hugawanywa kwa kuta zinazoishia kwenye dari, na juu ya dari pamebaki wazi kutoka chumba hadi chumba. Mtu mmoja akiongea kwa simu, husikii sana. Weka mwalimu wa uhasibu upande mmoja na darasa la Kiingereza linaloitikia kwa pamoja upande wa pili, na mwalimu wa uhasibu ataanza kufundisha kwa kupiga kelele, kisha ataanza kuchelewa, kisha ataacha kazi. Kila ukuta wa darasa upande hadi kwenye zege la juu, uwe na jipsamu pande mbili na sufi ya kuzuia sauti katikati, na mianya ya nyaya izibwe. Mlango uwe mzito. Hii ni fedha ya kutumia kabla ya rangi.

Mwanga wa dirisha huingia ndani mita sita au saba tu kwa dirisha la kawaida. Kwa hiyo madarasa yapange kando ya madirisha. Katikati ya jengo, ambako jua halifiki, weka maabara ya kompyuta, stoo, chumba cha kuchapia na ujia. Ofisi ya mkuu wa chuo isipewe kona yenye mandhari ya bahari. Kona hiyo iwe ya kusomea.

Watu 40 wakikaa chumba kimoja wanatoa joto la takriban kilowati 4 kwa miili yao tu, kabla ya projekta na kompyuta. Kiyoyozi kimoja kilichopoza ofisi ya meneja hakitatosha. Panapowezekana, fungua madirisha na weka feni za dari, na kiyoyozi kibaki kwa maabara. Dirisha la magharibi lipate kizuia jua nje ya kioo. Pazia la ndani linaficha jua wakati joto limeshaingia. Kompyuta za mpakato hula umeme kidogo kuliko za mezani na huendelea LUKU inapoisha. Mwombe TANESCO mita yako mwenyewe. Kugawana bili na wapangaji wengine kwa makadirio ni ugomvi wa kila mwezi.

Kwa walemavu, Sheria ya mwaka 2010 haikuachii hiari. Mteremko mlangoni usizidi sentimita moja ya kupanda kwa kila 12 za kwenda, milango iwe na sentimita 90, na choo kimoja kila ghorofa kiwe na nafasi ya kiti cha magurudumu kugeuka. Mita moja na nusu inatosha.

Hatua ya 7: Fungua chini, uhai uingie

Chuo kilichojificha ghorofani na kibao kidogo mlangoni kinabaki kuwa ofisi yenye madawati. Nairobi katikati ya jiji pamejaa vyuo vya namna hiyo, na vingi vinaendelea, lakini ukipita nje huwezi kujua kama ndani kuna watu wanajifunza. Kodi ya chini ni ghali kuliko ya juu. Lipa. Kama huwezi kulipa ghorofa nzima ya chini, chukua hata vyumba viwili vya mbele.

Waweke huko wanafunzi wanaofanya kazi inayoonekana. Saluni ya mafunzo inayosuka wapita njia kwa nusu bei. Meza ya ufundi simu. Mgahawa unaoendeshwa na wanafunzi wa hoteli, unaouza chai na maandazi asubuhi na wali maharage mchana kwa bei ya karani, si ya mtalii. Stesheneri na fotokopi. Dawati la wanafunzi wa uhasibu wanaowasaidia wafanyabiashara wadogo kupanga risiti, chini ya mwalimu. Mtu anayeingia kusukwa leo atauliza ada kesho.

Mama lishe watakuja, utake usitake. Badala ya kuwafukuza kwa mgambo, wape sehemu ya uani yenye bomba, karo na kivuli, wapokezane kwa zamu na walipe kidogo cha usafi. Mgahawa wako hautalisha watu 500 peke yake.

Kisha mlinzi. Majengo ya ofisi yana meza, daftari la wageni na kalamu iliyofungwa uzi, na swali "unakwenda kwa nani?" Kijana wa Mbagala aliyekuja kuulizia kozi hana jibu la swali hilo, anageuka. Meza isogezwe ndani, daftari lifungwe, na mbele akae mwanafunzi wa mwaka wa pili anayejua kozi zote na bei zake. Ulinzi wa vitambulisho uanzie kwenye ngazi za kupanda.

Juu, vunja vyumba viwili vitatu vya ofisi vilivyo karibu na ngazi. Weka mabenchi ya kujengea, soketi ukutani, ubao wa kuandikia, maji ya kunywa. Mwanafunzi wa mjini ana saa mbili za katikati na hana bweni la kurudi. Asipopata pa kukaa, atakwenda zake, na siku tatu akienda zake hatarudi kipindi cha mchana. Austin, Marekani, chuo cha jamii kilichonunua duka kubwa la Highland lililokufa kiliweka kwenye ukumbi mmoja wazi kompyuta zaidi ya 600, wakufunzi wakizunguka kati ya meza, na kikafungua mwaka 2014. Huna fedha hizo. Meza 20 na mkufunzi mmoja anayezunguka zinafanya kazi ileile kwa kadiri yake.

Hatua ya 8: Ratiba

Usipige kengele moja kwa jengo zima. Ghorofa ya kwanza ianze saa 2:00, ya pili saa 2:15, ya tatu saa 2:30. Ngazi zitapumua bila shilingi kutumika.

Jengo unalilipia saa 24, kwa hiyo litumie jioni. Karani wa Posta anatoka kazini saa 10 au saa 11, na foleni ya kwenda Kimara au Mbagala inamngoja. Mpe darasa la saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, afike kituo cha mwendokasi watu wakiwa wamepungua. Kwa wanaoishi Kigamboni, angalia ratiba ya pantoni kabla ya kupanga saa ya mwisho. Taa za nje, ngazini na njia ya kwenda kituoni ziwe zinawaka. Wanafunzi wa kike wa jioni wataamua kubaki au kuacha kwa kuangalia hizo. Jumamosi iwe ya kozi fupi na shughuli za mtaa: mafunzo ya kodi, ushauri wa sheria, midahalo.

Hatua ya 9: Anza na ghorofa moja na chini

Usichukue ghorofa sita mwaka wa kwanza. Chukua ya chini na ya kwanza, na uweke kwenye mkataba haki ya kupewa ghorofa inayofuata kabla ya mtu mwingine. Pesa zipangwe hivi: ngazi, milango na vifaa vya moto, vyoo na maji, kuta za sauti, umeme, viti. Rangi, kibao kikubwa na zulia vikae mwisho, na zulia ukiliacha kabisa hakuna atakayeuliza.

Wiki ya kwanza ya muhula fanya zoezi la moto, kengele ikilia bila taarifa kwa wanafunzi, na Zimamoto wakiwepo. Andika dakika zilizotumika hadi mtu wa mwisho kufika nje. Namba ya dharura, 114, ibandikwe kila chumba.

Mwezi wa pili, simama ngazini saa ya mabadiliko ya vipindi na uhesabu. Hesabu foleni ya choo cha wasichana saa 4:30. Hesabu waliokaa kwenye mabenchi saa 8 mchana, na wageni walioingia chini bila kuwa wanafunzi. Foleni ikizidi watu sita au ngazi zikiziba, rekebisha ratiba na vyoo kwanza. Mabenchi yakiwa matupu mchana, sogeza soketi, maji na intaneti karibu nayo kabla hujalaumu wanafunzi. Yakijaa mpaka watu wanakaa chini sakafuni, mpigie mwenye jengo kuhusu ghorofa ya pili.